Waebrania wa kale: walitoka wapi, na walikuwa watu gani hasa?

Swali la msomaji: "Kanisani tumefundishwa kwamba Waebrania walianza na Abrahamu huko Uru, wakashuka Misri, kisha wakarudi Kanaani. Mtandaoni nakuta wengine wanasema walikuwa Wakanaani tu, wengine wanasema ni wale Wahabiru, na wengine wanadai walikuwa Waafrika weusi na kwamba makabila fulani ya huku kwetu ni uzao wao. Je, Mwebrania, Mwisraeli na Myahudi ni mtu yule yule? Na asili yao ni ipi?"

Jibu:

Hapa kuna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: jina lilitoka wapi, watu walitoka wapi, na wao wenyewe walijitambuaje. Mijadala mingi hukwama kwa sababu mtu analeta ushahidi wa swali la kwanza kujibu la pili.

Kwa ufupi, watu wanaoitwa Israeli wanaonekana katika historia kwenye vilima vya kati vya Kanaani, kuanzia karibu mwaka 1200 KK. Wengi wao walikuwa wenyeji wa nchi ile ile. Walichanganyika na wafugaji kutoka majangwa ya kusini na mashariki, na yaelekea pia kikundi kidogo kilichotoka Misri na kumbukumbu ya utumwa. Taifa hilo lilifanyika huko vilimani, halikuingia likiwa limeshakamilika.

Tuanze na jina, maana hili unaweza kulihakiki mwenyewe jioni moja. Chukua itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno yake na aya yalimo), tafuta "Mwebrania" na "Waebrania" katika Agano la Kale. Katika matini ya Kiebrania jina hilo limo mara 34 tu: Mwanzo mara 6, Kutoka 14, Kumbukumbu la Torati 2, Samweli wa Kwanza 8, Yeremia 3 na Yona 1. Tafsiri ya Kiswahili uliyo nayo inaweza kupishana kidogo na hesabu hiyo. Jina Israeli, kwa upande wake, limo zaidi ya mara 2,500. Sasa pembeni ya kila aya andika nani anasema na nani anaambiwa. Utamkuta mke wa Potifa akimshtaki Yusufu, binti Farao akimtazama mtoto ndani ya kisafina, Wafilisti wakitukana vitani, Musa akimwambia Farao habari za "Mungu wa Waebrania", Yona akiwajibu mabaharia. Zinazobaki nyingi ni sheria ya mtumwa, kama Kutoka 21:2. Kwa maneno mengine, ni jina la kutajwa na wageni au kujitambulisha mbele yao, au la mtu aliye katika unyonge. Wenyewe kwa wenyewe walijiita wana wa Israeli, au walitaja kabila: mtu wa Yuda, mtu wa Efraimu.

Usiiruke 1 Samweli 14:21. Pale mwandishi anataja Waebrania waliokuwa upande wa Wafilisti, ambao waligeuka na kujiunga na Waisraeli wa Sauli. Kwake yeye makundi hayo mawili hayakuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo Wahabiru wanapoingia. Mwaka 1887, huko Amarna nchini Misri, zilipatikana barua zilizoandikwa kwenye mabamba ya udongo kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia (Iraki ya leo). Leo tunazo karibu 380. Nyingi ni za karne ya 14 KK, kutoka kwa watawala wadogo wa Kanaani kwenda kwa Farao. Abdi-Heba wa Yerusalemu analia kwamba nchi ya mfalme inachukuliwa na watu waitwao Apiru, au Habiru. Wasomi wa zamani walishangilia wakidhani wamempata Yoshua. Kosa lao lilikuwa kusoma barua hizo peke yake. Apiru wanatajwa pia Mesopotamia, Shamu na Anatolia (Uturuki ya leo), kwa mamia ya miaka, na majina yao ni ya lugha mbalimbali. Hao walikuwa tabaka la watu, wala hawakuwa kabila: wakimbizi, askari wa kukodiwa, vibarua, wanyang'anyi, yeyote aliyetoka chini ya mamlaka ya mji wake. Abdi-Heba huyo huyo anamshutumu Labayu wa Shekemu kwa kuwapa Apiru ardhi. Majina hayo mawili yanaweza kuwa na uhusiano, na binafsi naona inaelekea hivyo. Mwebrania wa mwanzo angeweza kuitwa Apiru na jirani asiyempenda, lakini si kila Apiru alikuwa Mwebrania, na anayekuonyesha barua za Amarna kama ushahidi wa vita vya Yoshua amekwenda mbali kuliko barua zenyewe.

Ushahidi thabiti wa kwanza wa jina Israeli nje ya Biblia ni jiwe la Farao Merneptah, la karibu 1208 KK, lililogunduliwa na mwanaakiolojia Flinders Petrie huko Thebes, Misri, mwaka 1896. Ni jiwe refu kupita urefu wa mtu, lenye mistari 28, na karibu yote inasifu ushindi dhidi ya Walibya. Mwishoni tu ndipo linapotaja Kanaani: Ashkeloni, Gezeri, Yanoamu, na kisha Israeli, ambayo Farao anajigamba kwamba mbegu yake haipo tena. (Majigambo ya mafarao yasikutishe, miaka 3,200 imepita.) Angalia kitu kimoja ambacho wengi hukipita. Waandishi wa Misri waliweka alama mwishoni mwa jina kuonyesha ni la aina gani. Ashkeloni, Gezeri na Yanoamu zina alama ya nchi au mji wa kigeni. Israeli ina alama ya mwanamume na mwanamke waliokaa na vistari vitatu vya wingi, yaani watu. Basi mwaka 1208 KK kulikuwa na jamii ya watu Kanaani iliyojulikana kwa jina hilo, kubwa kiasi cha kutajwa na Farao, lakini isiyo na mji wala mfalme.

Walikuwa wapi? Jibu limetoka kwenye vilima vya kati, kati ya bonde la Yezreeli na Beer-sheba. Baada ya 1967, na hasa miaka ya 1970 na 1980, wanaakiolojia walivipita vilima hivyo kwa miguu, bonde kwa bonde, wakiokota vigae vya vyungu juu ya ardhi na kuvipanga kwa umri. Mwishoni mwa Zama za Shaba, yaani kabla ya karibu 1200 KK, kulikuwa na makazi kama 30 tu. Kufikia karibu 1000 KK yalikuwa kama 250. Israel Finkelstein, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, alikadiria wakazi wake kuwa watu wapatao 45,000.

Ni vijiji vidogo, vingi visivyofika hekta moja, bila ukuta wa boma, bila jumba la mfalme, bila hekalu kubwa. Watu waliyakata miteremko kuwa matuta ya mawe, wakachimba birika za kuhifadhia maji ya mvua na mashimo ya kuweka nafaka. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu virefu sambamba na kimoja cha kukingama nyuma. Nguzo zilitenga sehemu ya mifugo na sehemu ya watu. Ndani yake kulikuwa na mitungi mikubwa yenye ukanda ulioinuka chini ya shingo. Vyungu vyao ni vya kawaida mno, havina nakshi, na umbo lake linaendeleza vyungu vya Wakanaani wa kabla yao.

Jambo hilo la vyungu ndilo lenye uzito. Watu wakihama kwa wingi kutoka mbali huja na ufundi wao. Wafilisti walipofika pwani karibu 1175 KK waliacha alama zilizo wazi: vyungu vya mtindo wa bahari ya Aegean, vyakula tofauti, na uchunguzi wa DNA uliotolewa mwaka 2019 kutoka makaburi ya Ashkeloni umeonyesha damu ya Ulaya ya kusini ikiingia wakati huo huo. Vilimani hakuna mgawanyiko wa namna hiyo. Lugha nayo inasema vivyo hivyo: Kiebrania, Kifoinike, Kimoabu, Kiamoni na Kiedomu ni ndugu wa tumbo moja, na Isaya 19:18 inaiita lugha hiyo "lugha ya Kanaani" bila aibu yoyote.

Kwa nini wapande vilimani wakati ule? Karibu 1250 hadi 1100 KK kulikuwa na ukame mrefu. Chavua iliyochimbwa kwenye tope la ziwa Galilaya inaonyesha miti na mizeituni ikipungua. Dola ya Wahiti ilianguka, mji wa Ugariti katika pwani ya Shamu ukachomwa karibu 1185 KK, biashara ikafa, na Misri ikaondoka Kanaani katika nusu ya pili ya karne ya 12. Mfugaji wa vilimani alikuwa akibadilisha nyama na maziwa kwa nafaka ya mabondeni. Mabonde yaliposhindwa kuzalisha ziada, ilimbidi alime mwenyewe, na anayelima hukaa mahali pamoja. Mkulima wa bondeni aliyechoshwa na kodi na vita naye alikuwa na sababu ya kupanda juu. Wataalamu hubishana nani alikuwa mwingi, mfugaji au mkulima. Mimi nawaona wote wawili.

Tahadhari kuhusu mifupa ya nguruwe. Utasoma mahali pengi kwamba vijiji visivyo na nguruwe ni vya Waisraeli, basi. Si rahisi hivyo. Nguruwe ni wachache pia katika maeneo mengi ya Wakanaani wasiokuwa Waisraeli, na karne ya 8 KK mifupa yao inaongezeka katika baadhi ya miji ya ufalme wa kaskazini, ambao hakika ulikuwa wa Israeli. Mitungi yenye ukanda na nyumba za vyumba vinne vimepatikana pia ng'ambo ya Yordani. Kitu kimoja peke yake hakikupi kabila. Kinachosaidia ni vitu kadhaa pamoja, mahali palepale ambapo baadaye maandishi yanawataja Waisraeli kwa jina.

Na Kutoka je, na Yoshua? Hapa nitasema wazi, nikijua wengine hawatapenda. Yeriko ilichimbwa na mwanaakiolojia Kathleen Kenyon kati ya 1952 na 1958. Mji wenye ukuta ulibomolewa karibu 1550 KK, na katika karne ya 13 palikuwa na makazi hafifu tu. Ai, kama ndipo panapoitwa leo et-Tell, palikuwa pamehamwa kwa zaidi ya miaka 1,000 na pakakaliwa tena karibu 1200 KK, kijiji tu. Hazori ni kinyume chake: ulikuwa mji mkubwa kweli, na uliteketea kwa moto karne ya 13. Nani aliuchoma bado ni mjadala. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 1, chenyewe kina orodha ndefu ya miji ambayo Waisraeli hawakuitwaa, na picha hiyo inakaribiana na udongo kuliko ya Yoshua 10 na 11.

Misri nako mambo si meupe wala meusi. Hakuna andiko la Kimisri linalotaja watumwa wa Kiisraeli wakitoroka, na hesabu ya wanaume 600,000 katika Kutoka 12:37, ukiongeza wake na watoto, inapita milioni 2, wakati Misri yote hukadiriwa kuwa na watu milioni 3 au 4. Lakini watu wa Kanaani waliishi kwa wingi katika delta ya Nile. Mji wao Avaris umechimbwa huko Tell el-Dab'a tangu 1966, na Ramesesi inayotajwa katika Kutoka 1:11 ni mji halisi wa Ramesses wa Pili. Tena ukoo wa Lawi umejaa majina ya Kimisri: Musa, Hofni, Finehasi. Kikundi kidogo kilichotoka huko na kuwapa wenzake habari yake hadi ikawa ya wote ndiyo maelezo yanayobeba ushahidi wote bila kuuvunja. Kutoka 12:38 yenyewe inasema walitoka pamoja na "kundi kubwa la watu waliochangamana mno".

Kuhusu Abrahamu, nje ya Biblia hatajwi popote, na jembe la mwanaakiolojia haliwezi kumthibitisha wala kumkana. Linaloonekana ni kwamba habari zake ziliandikwa baadaye: Mwanzo 11 inaita mji wake Uru wa Wakaldayo, na Wakaldayo hawaonekani katika maandishi ya Mesopotamia kabla ya karne ya 9 KK. Imani yako haitegemei tarehe hiyo. Ila usiitumie kama cheti cha kuzaliwa.

Mungu wao alitoka wapi ni habari yenye utamu. Katika hekalu la Soleb, nchini Sudan ya leo, Farao Amenhotep wa Tatu aliorodhesha karibu 1370 KK makundi ya Shasu, wafugaji wa kuhamahama, likiwamo la nchi iitwayo Yhw, jina linalofanana na Yahweh, jina la Mungu wa Israeli. Waamuzi 5:4 inamwonyesha Bwana akitoka Seiri, upande wa Edomu. Hii ndiyo sababu ya kutaja wafugaji wa kusini katika mchanganyiko. Karne ya 8 KK, huko Kuntillet Ajrud jangwani Sinai, wasafiri waliandika kwenye mitungi baraka kwa "Yahweh wa Samaria na Ashera wake"; Ashera alikuwa mungu wa kike wa Wakanaani. Manabii hawakuwa wakigomba bure.

Sasa utambulisho wao kisiasa, nao nitaupita haraka. Ufalme wa kaskazini uliitwa Israeli, wa kusini Yuda. Mwaka 853 KK Shalmaneser wa Tatu, mfalme wa Ashuru, anamtaja Ahabu Mwisraeli katika vita vya Karkari. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililopatikana Dibani mwaka 1868, linamtaja Omri, mfalme wa Israeli, na Yahweh. Jiwe la Tel Dan, lililopatikana 1993, linataja "nyumba ya Daudi". Samaria ilianguka karibu 722 KK, na Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuru, anadai kuhamisha watu 27,290. Si wote, waliobaki ndio mababu wa Wasamaria, ambao wangalipo hadi leo, mia kadhaa tu. Yerusalemu ilianguka 586 KK. Waajemi walipoliita jimbo hilo Yehud, mtu wake akawa Myahudi hata akiishi Babeli au Misri. Kwa hiyo Myahudi ni jina la mwisho kati ya hayo matatu, nalo lilianza kama jina la mtu wa Yuda. Kumwita Abrahamu Myahudi ni kumvika nguo iliyoshonwa zaidi ya miaka 1,000 baada yake.

Tumalizie na rangi. Walikuwa watu wa Mashariki ya Kati, wa maji ya kunde kwa viwango mbalimbali. Katika kaburi la Khnumhotep wa Pili huko Beni Hasan, la karibu 1890 KK, kuna picha ya kundi la watu wa upande huo wakiingia Misri, wanaume wana ndevu, rangi yao imepakwa nyepesi kuliko ya Wamisri. Hao si Waebrania, bali ni jirani zao wa karibu kabisa. Yeremia 13:23 inauliza kama Mkushi aweza kubadili ngozi yake, swali ambalo halina maana kama muulizaji na wasikilizaji wake ni weusi kama Wakushi. Ila zile picha za kanisani zenye nywele za dhahabu ni ubunifu wa wachoraji wa Ulaya, wala hazina haki zaidi. Na Afrika haikuwa mbali nao: Musa alioa mwanamke Mkushi (Hesabu 12:1), na jina Finehasi kwa Kimisri ni "Mnubi". Uchunguzi wa DNA wa Wakanaani wa Zama za Shaba kutoka Megido, Hazori na kwingineko, uliotolewa 2020, umeonyesha kwamba Wayahudi wengi wa leo na Waarabu wa eneo hilo hilo wana sehemu kubwa ya asili hiyo. Wote wawili, si mmoja dhidi ya mwenziwe.

Biblia haikuficha mchanganyiko huo. Ezekieli 16:3 inaiambia Yerusalemu kwamba asili yake ni nchi ya Wakanaani, baba yake Mwamori na mama yake Mhiti. Kumbukumbu la Torati 26:5 inamfanya babu Mwaramu. Kilichomfanya mtu kuwa Mwisraeli kilikuwa agano, ibada na nchi. Ruthu Mmoabu aliingia kwa kiapo cha kinywa.

Ndipo madai ya makabila yetu. Hayakuanzia mtandaoni. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1904 kwamba Wamasai ni ndugu wa Waebrania wa kale. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa ameshaeneza mwaka 1863 nadharia ya watawala wa maziwa makuu kuwa wageni kutoka kaskazini. Nadharia hiyo ilitumika baadaye kuwagawa watu wa Rwanda, na matokeo yake tunayajua. Ukikutana na dai jipya, uliza mambo haya: liliandikwa kwanza na nani na lini, je, kuna andiko au kaburi la kabla ya wamisionari, na DNA inasema nini. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini wamefaulu kwa sehemu: uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ulikuta alama ya ukoo wa baba ya Mashariki ya Kati, hasa katika Buba, mmoja wa koo zao. Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, hawahitaji mtihani huo, kwa kuwa kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, aliichukua dini ya Kiyahudi mwaka 1919 kwa kusoma Biblia, na jamii yake haidai damu.

Mila zinazofanana ndizo ushahidi dhaifu kuliko wote. Tohara, kwa mfano, hutajwa kila mara. Lakini Yeremia 9:25-26 inaorodhesha waliotahiriwa katika siku zake: Misri, Yuda, Edomu, Waamoni, Moabu na wakaao jangwani. Yuda ni jina moja tu kati ya mengi katika orodha hiyo.